Mashine ya Haji Chini ya Turubai

Siku mliyoniaga mlinipa sanduku la safari lenye magurudumu. Nilishukuru, nikala keki, nikapigwa picha na kila aliyetaka. Nilipofika nyumbani Luzira nilicheka peke yangu. Nimefanya kazi Mengo tangu mwaka uliofuata vita, mume wangu nimemzika hapa hapa, wajukuu wangu wakiota ndoto usiku huongea Kiganda, na bado ninyi mnaamini kuna siku Mama Kenya atapanda basi arudi Bungoma. Sirudi popote. Sanduku nimelitilia mablanketi.

Mliniomba pia niandike machache kuhusu kazi. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mtaulizana kwenye chai, na najua mnaulizana sana. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, ambayo ni kutunza mali isiyo yako kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kuitunza: mtoto, mgonjwa, mtu aliyekimbilia nchi nyingine na hatujui kama yu hai. Na nitakaa zaidi kwenye jalada moja, lile la karakana ya Kisenyi, kwa sababu ndilo mnaloonyeshwa mkiajiriwa mjue kazi safi inafananaje. Mimi nililishika tangu lilipofunguliwa hadi lilipofungwa. Kila nikiona linatolewa kabatini roho inaniuma, na sijawahi kumwambia yeyote kati yenu kwa nini.

Nilikuja Kampala kumfuata mume wangu, aliyekuwa akifunga mabehewa ya reli ndani ya feri pale Port Bell. Kuta za mji zilikuwa bado na matundu ya risasi, umeme ulikuja ukitaka, na watu wengi walikuwa wanatafuta mali zao au wanatafuta wenye mali walizokuwa wamekalia. Mawakili walikuwa na kazi. Mimi nilikuwa nimejifunza kupiga taipu Kisumu, kwa hiyo nilipanda kilima cha Mengo hadi kwenye ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa, nikamkuta Wakili, ambaye hakuniuliza lolote ila kama nina macho mazuri. Siku ya kwanza taipu haikuwa na utepe. Basi nikakabidhiwa kwa karani mkuu, Ssalongo.

Ssalongo ni jina la heshima wanalopewa baba wa mapacha, na mimi sikuwahi kumwita kwa jina lingine. Alikuwa mwembamba, amevaa koti lile lile la kahawia kila siku, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alinipa fungu la funguo akanituma nikakague nyumba ya mayatima iliyokuwa chini karibu na ukuta wa kasri la mfalme. Nilirudi na habari nzuri: wapangaji ni watulivu, rangi haijabanduka, uani pamefagiliwa. Aliniuliza mvua ilikuwa inanyesha? Nikasema hapana, jua kali. Akanirudishia funguo, akaniambia nikae hadi inyeshe, ndipo niende.

Nilidhani ananidhihaki. Ilinyesha siku ya tatu, nikaenda na mwavuli wa kuazima, nikaona maji yanashuka ndani ya ukuta wa chumba cha watoto kutoka juu hadi chini. Tangu hapo, na hata nilipokuwa mkubwa wa idara, nilikagua nyumba za watu wakati wa mvua. Mnanikumbuka nikirudi nimelowa na ninyi mnacheka dirishani. Mtu anayetunza mali yake hukaa ndani mvua ikinyesha. Anayetunza ya mwingine hutoka.

Yapo mengine aliyonifundisha. Usichanganye hata msumari wa jalada hili na wa jalada lile. Usinunue chochote unachokitunza, hata kama unatoa bei nzuri kuliko wote. Usipokee kuku. Hilo la kuku lilinishinda mara moja, mjane wa Nateete aliponiletea jogoo amefungwa miguu, nikaona aibu kumkatalia. Ssalongo alimbeba yule jogoo kwapani, tukapanda teksi mimi na yeye na jogoo hadi Nateete, akamrudisha kwa maneno matamu ya Kiganda yaliyomchekesha mjane. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili na hamu ya supu ya kuku, na sikumsamehe kwa wiki nzima.

Na alikuwa na desturi yake ya kufuli mbili. Mali ikiwa na wadhamini wawili, yaani watu wawili walioachiwa waitunze, alifunga mlango kwa kufuli mbili, kila mmoja akabaki na ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kuingia bila mwenzake. Kwa watu waliotoka vitani, ambao kila mmoja alikuwa amewahi kuibiwa na mtu aliyemjua, desturi ile ilipendwa sana. Nami niliipenda. Ilinifanya nilale usingizi.

Sasa Haji Sulaiti. Alikuwa na karakana Kisenyi, nyuma ya maduka ya jumla, na ndani ya karakana alikuwa na mashine ya kukereza vyuma aliyoitoa kwenye kiwanda cha pamba kilichokufa. Kwa msiowahi kuingia karakana: mashine hiyo hushika kipande cha chuma, hukizungusha kwa kasi, na fundi hukisogezea kisu taratibu hadi chuma kitoke na umbo analolitaka. Miaka ile vipuri havikuwepo. Lori likivunjika bushi, kile kibomba kifupi cha chuma kinachoshika ekseli, mwenye lori angoje mzigo kutoka Mombasa ambao huenda usije, au aende kwa Haji. Walikuja Wasomali wa pale pale Kisenyi, Wakongo, Wasudani, wote wakikaa juu ya matairi ya zamani kungoja zamu.

Haji hakufanya kazi peke yake. Alikuwa na fundi aliyeitwa Okot, mtu wa kaskazini, aliyekuwa fundi wa magari wa jeshi lililoshindwa. Serikali ilipoanguka Okot hakukimbia na wenzake. Haji alimvisha kanzu, akamficha karakana, na majirani walipouliza akasema huyu ni mtu wangu. Katika siku zile hilo halikuwa jambo dogo. Kanzu Okot aliivua baadaye, hakuwahi kusilimu, lakini kwa Haji hakuondoka.

Na alikuwepo Zaituni, mtoto pekee wa Haji, ambaye mama yake alikufa wakati wa vita. Baba alimchukua karakana kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, na mtoto akaipenda ile mashine. Alipokuwa darasa la sita alikuwa anakereza bushi ndogo, Haji akiwa amesimama nyuma yake na Okot pembeni. Wateja walicheka mwanzoni. Kisha wakazoea, na wengine wakaanza kuomba bushi zao zifanywe na binti, wakisema mkono wake hauna haraka.

Haji alipoanza kuugua alikuja mwenyewe Mengo kuandika wosia. Nilimpigia taipu mimi. Vyumba vya mbele vya karakana vikodishwe, kodi yake imsomeshe Zaituni. Mashine na vyombo vyake viwekwe pale pale kwa ajili yake hadi atimize miaka ishirini na mmoja. Wadhamini wawe wawili: ofisi yetu, na Okot. Wakili alimuuliza kwa nini asimweke ndugu yake Twaha. Haji alijibu kwamba Twaha ni ndugu yake na anampenda, na ndiyo sababu hamweki. Okot hakuwa na ukoo pale mjini wa kumvuta shati. Tuliona ni busara kubwa.

Alikufa kabla ya Ramadhani. Baada ya shughuli za matanga, mtoto wa kiume wa Twaha alisimikwa kuwa musika, mrithi wa jina la marehemu, kama ilivyo desturi. Waganda wanajua kwamba musika hurithi jina na heshima, na kwamba kuna wengi ambao wakishapata jina huanza kupima na nyumba. Twaha, kwa jina la mwanawe, alikuwa mmoja wao. Zaituni alihamia kwake. Twaha tulimkuta karakana anapima mlango kwa kamba aone kama mashine inapita.

Ssalongo alitia kufuli mbili siku hiyo hiyo. Ufunguo mmoja wetu, mmoja wa Okot. Wiki iliyofuata Okot alikuja ofisini amevaa shati safi, akaketi ukingoni mwa kiti, akaeleza anachotaka. Haji akiwa kitandani alimwambia amalizie kumfundisha Zaituni. Kwa hiyo yeye ataendelea kufanya kazi kwenye mashine, atalipa kodi kama mtu yeyote, na mtoto aje Jumamosi na wakati wa likizo. Akitimiza umri atapewa mashine akiwa tayari ni fundi. Kwangu lilikuwa jambo rahisi, nikaanza kutafuta karatasi ya mkataba.

Wakili alikataa. Alieleza vizuri, kwa upole, na ninyi mliosoma mnajua alichoeleza. Mdhamini hafaidiki na mali anayoitunza. Hapangi nyumba anayoidhamini, halimi shamba analolidhamini, hata akilipa, hata akiwa mwaminifu, kwa sababu hawezi kuwa mwenye kupangisha na mpangaji kwa wakati mmoja. Twaha, ambaye alishapata wakili wake, alikuwa ameleta malalamiko kwamba fundi wa kaskazini anakula mali ya yatima, na katika hilo moja sheria ilikuwa upande wake. Kuhusu kufundishwa kwa mtoto, wosia haukusema. Na mtoto akikatwa kidole, nani atajibu?

Nilitazama uso wa Okot wakati wa maelezo hayo. Angekuwa mtu baki, mpita njia, tungempangisha mashine siku ile ile. Alizuiwa kwa sababu Haji alimwamini kuliko wote. Nadhani alilielewa hilo haraka kuliko mimi.

"Mimi nimekuwa jeshi," alisema. "Amri nasikia. Lakini mashine kama hafanyi kazi, naharibika. Na mtoto pia."

Ssalongo akamwambia mashine haitaharibika, tutaipaka grisi.

Tulitafuta mpangaji mwingine, msidhani hatukutafuta. Wote walitaka kuing'oa waipeleke kwenye karakana zao za Katwe au Ndeeba, na wosia ulisema vyombo vibaki. Mwalimu mwingine? Twaha hakutaka binti wa kaka yake akae kati ya mafundi wa barabarani, na hilo nisingeweza kumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nisingekubali kwa wangu. Karakana ya baba yake ilikuwa jambo jingine. Basi mashine ikafunikwa turubai.

Kila mwanzo wa mwezi tulikwenda kuikagua, mimi na ufunguo wetu, Okot na wake. Okot wakati huo alikuwa anatengeneza malori kando ya barabara, amelala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, na siku ya ukaguzi aliosha mikono kwanza. Tulifungua, tukavua turubai, yeye akafuta vumbi, akapaka oili kwenye reli na grisi kwenye gia, mimi nikaandika kwamba iko salama. Mikono yake ilijua kila mahali pa kwenda. Alinifundisha majina, na mimi, mwanamke wa taipu na mihuri, nikajua kupaka grisi vizuri kuliko baadhi ya vijana wa Kisenyi. Nilijivunia sana. Nilikuwa nikimwambia mume wangu jioni kwamba leo nimeoga oili, naye, ambaye alioga oili kila siku bila kujivunia, alinisikiliza kwa subira.

Zaituni alikuwa anakuja. Hakuna aliyemwita. Alijua siku, akawa anatukuta mlangoni na sare ya shule, akipewa kitambaa anafuta. Ukaguzi wa tatu au wa nne hivi, Okot alikuwa ameinama kwenye gia, na Zaituni akashika gurudumu la mkono, akalizungusha kidogo, likazunguka laini kwa grisi yetu. Akamuuliza Okot waliachia wapi. Okot akasema waliachia kwenye kukata uzi wa skrubu, ule wa kushoto, ambao ni mgumu. Akasimama wima. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye kishikio, taratibu, na mtoto akisogea mahali pake bila kuambiwa. Twaha alikuwa mlangoni. Siku hizo kila tulipofungua naye alikuwa mlangoni, akitusubiri tukosee.

Nikasema, "Usiguse, Zaituni. Ni yako, lakini bado."

Aliondoa mkono. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliniangalia tu akauliza, "Nikiigusa itapungua?"

Twaha alikuwa anasikia, kwa hiyo nikaandika kwamba iko salama. Zaituni alikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya mashine. Mwezi uliofuata alikuja akasimama nje. Mwezi wa baada ya hapo alikuwa na mitihani. Kisha hakuja tena, na mimi nikajiambia kwamba ni vizuri, anasoma.

Okot alivumilia kama miaka mitatu. Siku moja alikuja ofisini na barua ya kujiuzulu udhamini, ameandikiwa na mtu, yeye ametia sahihi. Ssalongo akaipokea, akagonga muhuri, akaandika jina la mdhamini mpya wa kuombwa mahakamani. Okot akangoja hadi muhuri ukauke.

"Sasa mimi si mtu wa udhamini?" akauliza.

"Si mtu wa udhamini," Ssalongo akasema. "Kalatasi imeisha."

"Basi naomba kupanga mashine. Kama mtu wa nje. Na mtoto arudi."

Ilikuwa akili nzuri. Nilikimbia mwenyewe kumwita Wakili. Wakili alisimama mlangoni mwa chumba chake, miwani mkononi, akasema anasikitika. Mdhamini anayejiuzulu ili achukue kile alichozuiwa kukichukua huhesabiwa kama bado ni mdhamini. Twaha angetupeleka mahakamani asubuhi yake na angeshinda. Okot alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akatutazama mmoja mmoja.

"Haji alinipenda vibaya," akasema.

Aliniachia ufunguo wake juu ya taipu. Mlangoni akaniambia, "Mama, angalia mtoto." Nilimjibu nitamwangalia. Alikwenda zake na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Baadaye nilisikia anatengeneza malori kwenye barabara ya kwenda Juba, kisha sikusikia kitu. Jalada lile lina namba ya kila spana iliyokuwa ukutani kwa Haji, lakini anuani ya Okot halina.

Jioni hiyo Ssalongo alikaa ofisini hadi walinzi wa duka la dawa wakafunga. Aliniambia kwa Kiswahili chake kwamba kazi tumefanya vizuri, kisha akasema, "Lakini Mama Kenya, moyo wangu haipumziki." Alistaafu mwaka uliofuata. Nilimtembelea mara kadhaa kule kijijini kwake na tuliongea kila kitu, kahawa, mapacha, mvua, na jina la Haji hatukulitaja.

Niruke mbele kidogo, kwa sababu hili ndilo hasa ninalotaka mlisome. Wakili alipokuwa mzee, siku moja tukiwa tunapanga majalada, nilimuuliza kama kweli hakukuwa na njia yoyote kwa Okot. Akasema njia ilikuwepo. Mahakama ingeweza kuombwa impe mdhamini ruhusa, jaji angesikia kwamba ni kwa faida ya mtoto, na pengine angekubali. Nikamuuliza kwa nini hatukuomba. Alifikiri, nadhani alifikiri kwa unyofu kabisa, akasema hakuna aliyemwambia aombe. Okot hakujua kwamba jambo kama hilo linaombwa. Mimi nilikuwa karani, nilidhani Wakili akisema haiwezekani basi imekwisha. Wakili alikuwa amejibu alichoulizwa. Nilirudi kwenye majalada yangu nikapanga hadi saa ya kutoka, na usiku nikamwambia mume wangu, nikalia, naye akanisikiliza kwa subira ile ile.

Vijana wangu, sheria ile nzuri sana inayosema mtunzaji asifaidike, msiiache. Nimeona mali za yatima zikiliwa na watu wenye huruma nyingi mdomoni, nimeona nyumba tatu Mengo hii hii zikipotea kwa walezi waliosema tutapanga tu kwa muda. Kufuli mbili ni nzuri. Lakini mkishafunga, mmoja wenu akae chini amuulize marehemu, kichwani mwake, alitaka nini kitokee kwa mtoto huyu. Sisi tulimuuliza Haji kila kitu kuhusu chuma. Mkiambiwa haiwezekani, ulizeni tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mkubwa wenu achoke na ninyi. Mimi mnanijua ninavyochosha watu. Siku zile nilikuwa bado sijajifunza.

Miaka ilikwenda. Vyumba vya mbele vilikodishwa bila tatizo, paa nililikagua kila masika nikiwa nimelowa, ada zililipwa kwa wakati. Zaituni alimaliza sekondari, akasomea ukatibu, akaajiriwa kwenye ofisi ya bima mjini. Nilimwangalia kama nilivyoahidi: nilijua matokeo yake, nilijua akiumwa, nilimnunulia viatu vya mahafali. Mashine niliipaka grisi kila mwezi na mdhamini mpya, mzee wa msikiti aliyekuwa anaogopa kuchafua kanzu, kwa hiyo grisi nilipaka mimi. Twaha alizeeka, hasira ikamwisha, akawa anatuletea chai mlangoni.

Siku ya makabidhiano Zaituni aliomba ruhusa kazini saa ya chakula. Alikuja na sketi ya ofisi na kucha zilizopakwa rangi, akanisalimia kwa kupiga magoti kama wanavyofanya binti wa kwao, nikamwinua haraka kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nimemwita fundi umeme asubuhi avute waya mpya, maana nilitaka aikute hai. Nakiri nilitaka kusifiwa. Tulivua turubai na hakuna mahali palipokuwa na kutu, hata pale chini ambapo mtu hawezi kuona. Mzee wa msikiti akasema mashallah. Fundi umeme akabonyeza, mashine ikakohoa mara moja, ikashika, ikaanza kuzunguka kwa mlio ule ule wa zamani, na Wasomali wa dukani wakatoka kuangalia.

Zaituni alirudi nyuma hatua mbili, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Zima, Mama," akasema. "Inanitisha."

Tukazima. Ilichukua muda kusimama kabisa. Aliizunguka polepole, akiangalia vishikio kimoja kimoja, akanyoosha mkono juu ya kimoja bila kukigusa, akaupeleka juu ya kingine. Nilijua alichokuwa anatafuta. Nilisubiri mikono yake ikumbuke, nilimwomba Mungu pale pale nimesimama.

"Mama, Baba alikuwa anaanza na kipi?"

Nilikuwa nimevipaka mafuta vyote, kila mwezi, kwa miaka yote ile. Nilimwambia sijui, mwanangu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeulizia njia kwa mgeni. Akauliza atie sahihi wapi. Nikamwonyesha, akatia sahihi kwamba amepokea kila kitu kikiwa kizima, kisha akaniomba nimtafutie mnunuzi.